Soko huria: yanayosemwa vijiweni Arusha na Moshi, na ukweli wenyewe

Ukikaa na wazee hapa Arusha ukataja soko huria, mjadala utaishia kwenye Azimio la Arusha tu, na wana haki maana lilipitishwa hapa hapa mwanzoni mwa 1967 na ndani ya siku chache baada ya kutangazwa mabenki na makampuni makubwa yakawa ya serikali. Ila kuna mambo yanasemwa kuhusu soko huria, biashara huru na serikali yenye mipaka, yani inayobaki na kazi chache tu, ambayo sio kweli kabisa, na siku hizi yanarudiwa hadi na vijana ambao foleni ya sukari wameisikia kwa hadithi. Mimi msimamo wangu nauweka wazi, naamini mtu akiachwa auze kwa anayemtaka na anunue kwa anayemtaka anaishi vizuri zaidi, na historia ya huku kaskazini inanipa sababu za kutosha.

Dhana: Soko huria ni kitu cha wazungu, kimeletwa kwa faida yao

Kwa Uchagani ilikuwa kinyume aisee. Miaka ya 1920 Wachaga walipoanza kulima kahawa kwa wingi, waliokuja juu ni masetla, walitaka serikali ya mkoloni iwazuie Waafrika kulima, eti watasambaza magonjwa ya mibuni na kadhalika, lakini nyuma yake kulikuwa na hofu ya ushindani na hofu ya kukosa vibarua, maana mtu mwenye kihamba, shamba lake la nyumbani, chenye kahawa yake haendi kupalilia ya mwingine kwa ujira mdogo. Na Kenya walifanikiwa, Waafrika walizuiwa miaka mingi kulima arabika. Huku Kilimanjaro wakulima wakajiunga wenyewe 1925 wakaanzisha KNPA, chama cha wakulima Waafrika wa Kilimanjaro, kulinda haki yao ya kulima na kuuza. Kwa hiyo aliyekuwa anaomba serikali iingilie kati ni mzungu tajiri, na aliyekuwa anaomba aachwe afanye biashara ni mkulima wa Kichaga.

Dhana: Soko huria linapinga ushirika

Hapa nakaa kidogo maana Moshi ndio nyumbani kwa ushirika na watu wanaumia ukiugusa.

KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, ilizaliwa 1933 kuchukua nafasi ya KNPA. Ushirika wa watu kuunganisha kahawa yao wapate bei nzuri ni soko huria tupu, watu huru wamekubaliana. Shida ilianza pale zilipowekwa kanuni kwamba kahawa yote ya Wachaga lazima ipite humo, utake usitake, na 1937 zikatokea fujo kabisa Uchagani wakulima wakipinga. Tatizo lao halikuwa kuungana, tatizo ni lile neno lazima. Alafu angalia kilichofuata, 1976 serikali yetu wenyewe ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, kwa amri, kazi ikapewa mamlaka za mazao, vikaja kurudishwa miaka ya 80 vikiwa hoi. Yani chombo kilichojengwa na wakulima kwa miaka zaidi ya 40 kikafutwa na watu ambao hawakuchangia hata debe moja la kahawa. Ukiniuliza adui wa ushirika ni nani nitakuonyesha hapo.

Katikati ya miaka ya 90 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua vijijini. Hapa kuna malalamiko ya kweli, wengine walinunua chochote bila kuangalia ubora, na ule utaratibu wa kukopeshwa dawa na pembejeo ukakatwa bei ukiuza ukavunjika, maana mkulima angekopa huku akauzia kule. Sikatai. Ila mkulima alipata kitu ambacho hakuwa nacho, pesa mkononi siku hiyo hiyo, na mtu wa pili wa kumuuliza bei. 2018 ukaja uamuzi kahawa ipite AMCOS, vile vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, mnunuzi binafsi akaondolewa mlangoni kwa mkulima. AMCOS nzuri zipo na mkulima anaipenda, hiyo haihitaji sheria ya kumbana. AMCOS mbovu ndio inayohitaji kubanwa kwa ushindani, na hiyo sasa ndio imelindwa.

Kwenye kahawa tusiwasahau Vietnam. Walikuwa na mashamba ya pamoja kama sisi, 1986 wakaanza mageuzi yao, familia zikapewa ardhi ya kulima na uhuru wa kuuza, leo wanatoa zaidi ya tani milioni moja na nusu kwa mwaka na ni wa pili duniani nyuma ya Brazil. Sisi tulikwama kwenye elfu hamsini hivi kwa miongo mingi. Serikali yao nayo ilikuwa na mkono wake na robusta sio arabika, sawa, ila tofauti hiyo hauwezi kuimaliza kwa kusema mbegu.

Dhana: Serikali yenye mipaka maana yake hamna serikali, kila mtu na lwake

Nenda soko la Kilombero hapa Arusha asubuhi viazi na vitunguu vinaposhushwa. Utaona gunia limeshonewa kichwa juu, limevimba kama mtungi, hiyo ndio lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, hilo linakwenda 130 na zaidi, lakini mkulima kule shambani amelipwa gunia moja. Kilo thelathini zimeondoka bure, kila gunia, msimu baada ya msimu. Huu ni wizi, na soko huria haliwezi kusimama juu ya wizi, linahitaji mizani ya kweli na mtu wa kuisimamia. Kazi hiyo ni ya serikali, hakuna anayebisha. Adam Smith mwenyewe, huyo mwanafalsafa wa uchumi wanayemtaja kila siku kwenye soko huria, kwenye maandishi yake ya 1776 aliipa serikali kazi tatu, ulinzi, mahakama za haki, na zile kazi za umma kama barabara na madaraja ambazo mtu binafsi hazimlipi.

Sasa kinachoniuma ni kwamba lumbesa imepigwa marufuku miaka na miaka na bado ipo, alafu barabara hiyo hiyo liliyopita hilo gunia kuna kizuizi cha ushuru wa mazao na hicho hakijawahi kulala usingizi. Nguvu ipo ya kukusanya, ya kupima hamna. Kupunguza kazi za serikali ni ili hizo chache zifanyike. Na pale walipopunguza mzigo tuliona, bajeti ya 2017/18 ushuru wa mazao ulishuka kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na anayesafirisha tani moja kushuka chini akaachiwa kabisa. Kwa mama anayetoa ndizi Marangu kuleta mjini hiyo ilikuwa nafuu ya kushikika.

Na mambo mengi ya pamoja watu wameyafanya bila amri ya kutoka juu. Mifongo ya Uchagani, ile mifereji ya kuleta maji vihambani, ilichimbwa na kusimamiwa na koo na watumiaji wenyewe kwa karne kadhaa, zamu za maji zilijulikana, aliyekwepa kazi ya kusafisha alipigwa faini. Hapo kila mtu na lwake iko wapi?

Dhana: Tukiruhusu mahindi yatoke nje tutakufa njaa

Hii ndio inayopendwa kuliko zote, na inasikika ina huruma. 2011 mpaka ulifungwa kwa mahindi, 2017 tena. Kinachotokea ni hiki: mnunuzi wa Nairobi harudi, mahindi yanajaa ndani, bei inaporomoka, 2017 wakulima wa Rukwa na Ruvuma walikuwa na mzigo wa kutosha na hamna wa kumuuzia kwa bei ya maana, aliyekopa mbolea analia. Mwaka unaofuata analima eka chache au anahamia zao jingine. Sasa njaa unaizuiaje kwa kumfundisha mkulima asilime sana? Na mahindi hayaachi kutoka, yanapita njia za panya huko Rombo na Longido, usiku, kwa bodaboda, faida anaipata anayejua kumalizana na walinzi. Mkulima mwenyewe hajui hizo njia na hana mtu wa kumpigia simu.

Kama kuna wilaya ina upungufu kweli, serikali ina maghala ya hifadhi ya chakula, inunue kwa bei ya soko, igawe au iuze kule penye shida, gharama tubebe wote walipa kodi. Kumbebesha mkulima peke yake gharama ya kumlisha mtu wa mjini sio haki, na yeye ndio masikini kuliko huyo anayemlisha.

Wakenya nao walituonyesha upande wa pili, Machi 5, 2021 wakazuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, malori yakapanga foleni Namanga, baada ya siku chache wakalegeza kwa masharti ya vipimo na vyeti. Sumukuvu ni hatari ya kweli na kupima ni sawa, kufunga mpaka wote usiku mmoja ndio kulikoumiza.

Dhana: Bidhaa za nje na soko huria ndio viliua viwanda vya Arusha

Watu wanataja General Tyre. Sawa, tuiongelee. Kile kiwanda cha matairi serikali ndio ilikuwa na hisa nyingi, mbia wake alikuwa Continental, na kimesimama kwa madeni na mtaji uliokauka. Lakini mji huo huo ukienda Kisongo unakuta A to Z, kiwanda cha nguo na vyandarua cha watu binafsi, kilichokuwepo tangu miaka ya 60, ambacho kuanzia 2003 kikaanza kutengeneza vyandarua vya dawa vya kudumu kwa teknolojia ya Wajapani, kikaajiri maelfu ya watu wengi wao akina dada, na kikauza nchi nyingi za Afrika. Hali ya hewa ni ile ile, umeme ule ule, bandari ile ile.

Na kabla ya kulia na bidhaa za nje tukumbuke wakati hazipo. Mpaka na Kenya ulifungwa 1977 mpaka 1983. Sabuni, sukari na kanga ilikuwa hadi ufahamiane na mtu wa duka la kaya, na mtu aliyekutwa na katoni chache za sabuni ndani aliitwa mhujumu uchumi. Kilichobadilisha hali ni bajeti ya 1984, waziri wa fedha akiwa Cleopa Msuya, mtu wa Mwanga hapo, waliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize mzigo bila kuulizwa kazitoa wapi. Bidhaa zikarudi madukani, kabla hata ya Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, kuingia Ikulu.

Dhana: Soko huria ni kuwapendelea matajiri

Tajiri mwenye kiwanda mara nyingi ndio wa kwanza kukimbilia wizarani akalindwe. Angalia sukari. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa sukari ya nje ni asilimia 100, na kuingiza mpaka uwe na kibali. Huo ukuta unamlinda nani? Mama ntilie wa Majengo anayechemsha chai na kukaanga maandazi alfajiri anailipa hiyo tofauti kila kilo, na mwanzoni mwa 2024 mvua zilipoharibu uvunaji kilo ikapita 4,000 yeye alikuwa hana wa kumlilia. Nasema hivi huku nikiheshimu TPC, kiwanda cha sukari cha Moshi, tangu hisa zake nyingi ziuzwe kwa wawekezaji mwaka 2000 uzalishaji wake umepanda sana na Arusha Chini inaishi kwa hicho kiwanda. Kinaweza kushindana. Basi kiachwe kishindane.

Dhana: Wageni wakiachwa watatumaliza

Julai 2025 ilitoka amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara 15, saluni, kutengeneza simu, uwakala wa pesa za simu, kuongoza watalii na nyingine. Naelewa hasira, kuna wageni wanaingia kwa viza ya kutembea wanafungua duka bila leseni, hao sheria ya zamani inawatosha. Lakini tuko kwenye soko la pamoja la Afrika Mashariki tangu 2010, makao makuu yako mjini kwetu, na Watanzania wangapi wanauza vitunguu vya Mang'ola na nyanya za Ngarenanyuki Nairobi, wangapi wa Himo wanaamkia soko la Taveta? Nairobi wakiandika orodha yao ya biashara 15 sisi ndio wa kwanza kuumia. Kama kijana wa hapa anashindwa na mgeni kwenye kufungua saluni, tuanze na anachodaiwa kabla hajanyoa kichwa cha kwanza, leseni, zimamoto, afya, taka, makadirio ya kodi kabla ya mauzo. Hayo yanaweza kupunguzwa kesho na halmashauri na hazina, bila kumfukuza mtu yeyote.