Mashine ya kuchomelea iliyotumika na umeme wa nyumbani: yanayoaminiwa Lubumbashi na yaliyo kweli

Lubumbashi haina uhaba wa mashine za kuchomelea zilizokwisha kutumika. Nyingine zimetoka migodini na katika karakana kubwa zilizobadilisha vifaa, nyingine zimepita mpakani Kasumbalesa kutoka Zambia na Afrika Kusini, na mtu wa Katuba au Ruashi anayetaka kutengeneza milango na madirisha ya chuma uani kwake hupata za kuchagua. Kinachokosekana ni desturi ya kuanza na umeme wa nyumba. Mnunuzi huikagua mashine, au posti kama mafundi wetu wanavyoiita, hujadiliana bei, huilipia na kuisafirisha, na ni pale anapoichomeka nyumbani ndipo anapogundua kwamba ilitengenezewa umeme mwingine. Mimi nashikilia kwamba nyumba ndiyo inayochagua mashine, na imani kadhaa zinazosambaa kati yetu huupindua utaratibu huo.

"Posti ya ampea 200 haiwezi kukaa katika nyumba yenye disjonkta ya ampea 20"

Disjonkta ni swichi inayojikata umeme unapozidi. Ampea zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa mbele ya mashine ni zile zinazotoka kwenye elektrodi, ambako volti ni chache sana. Kwa elektrodi za kawaida, viwango vya kimataifa hukadiria volti za kuchomelea kuwa 20 kujumlisha asilimia 4 ya ampea. Bageti, yaani elektrodi, ya milimita 2.5, ambayo hutosheka na ampea 80 hivi, hufanya kazi kwenye volti 23, na nguvu inayofika kwenye chuma haitimii hata kilowati 2. Kwa kazi hiyo inveta ya kawaida, yaani mashine nyepesi ya kielektroniki, huvuta ukutani takriban ampea 15 kwenye volti 220. Ina maana kwamba inveta ya ampea 200 inaweza kutumika katika nyumba hiyo, ilimradi mwenyewe asiipandishe hadi mwisho.

Lakini hesabu hiyohiyo huwaonya wanaodhani kwamba mashine zote zinazotoa ampea sawa huvuta umeme sawa. Transfoma ya zamani, ile mashine nzito isiyo ya kielektroniki, kwa kuwa hupoteza nguvu nyingi kwa joto na huvuta ampea ambazo hazigeuki kuwa kazi, inaweza kudai ampea 25 au zaidi kwa bageti ileile ya milimita 2.5, na kukaribia ampea 40 ukitaka kuchomelea kwa ile ya 3.2. Mwenye disjonkta ya ampea 20 ataiona ikikata kila mara, naye ataanza kuilaumu kampuni ya umeme.

Jibu la kweli limo katika kibao kidogo kilichobandikwa nyuma au ubavuni mwa mashine. U1 ni volti zinazoingia. I1max ni ampea nyingi kabisa ambazo mashine huvuta, na I1eff ni ampea zinazochukuliwa kupimia unene wa waya, kwa sababu mashine hufanya kazi kwa vipindi na waya hupata nafasi ya kupoa. Mashine yenye I1max ya ampea 30 inayoweza kuchomelea asilimia 30 ya muda ina I1eff ya ampea 16 hivi. Kibao kikiwa kimebanduliwa au kimefutika, mimi singeinunua mashine hiyo kwa bei yoyote, hata muuzaji akiapa.

"Nzito ndiyo yenye nguvu"

Uzito hukuonyesha tu kwamba ndani mna chuma na nyaya nyingi, na nyaya hizo si lazima ziwe za shaba, kwa kuwa mashine nyingi zilisukwa kwa alumini. Hatari kubwa zaidi ni kwamba mashine nzito za mji huu mara nyingi ni za viwandani. Migodi na viwanda vya Afrika Kusini hutumia sana volti 525, hivyo si ajabu kukuta sokoni mashine iliyoandikwa 380/525, ambayo katika nyumba yenye fezi moja (njia moja ya umeme) ya volti 220 haina mahali pa kuishi. Wapo watakaokushauri uiunganishe hivyohivyo, "itafanya kazi polepole." Haitafanya. Transfoma iliyosukwa kutoa volti 70 bila mzigo inapolishwa volti 380 itatoa volti 40 tu ikilishwa 220, na kwa volti hizo bageti hugusa chuma, hung'ang'ania, wala haiwaki. Mashine ya fezi tatu nayo haigeuzwi kuwa ya fezi moja kwa kuacha waya mmoja ukining'inia.

Zipo hata hivyo transfoma za kale zilizotengenezwa kwa 220 na 380 kwa pamoja, zenye vipande vya shaba vinavyohamishwa ndani ili kuchagua. Hizo zinafaa, mradi ufungue kifuniko na kuhakikisha kwamba vipande hivyo vimewekwa upande wa 220 kabla hujachomeka.

Kuhusu nchi zilikotoka, Afrika Kusini na Zambia hutumia volti 230 na hezi 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), kwa hiyo mashine ya fezi moja iliyotoka huko huhitaji kubadilishiwa plagi tu. Transfoma ya Marekani, iliyosukwa kwa hezi 60, ni jambo tofauti hata ikiwa imeandikwa volti 230, kwa sababu kwenye hezi 50 chuma chake hushiba sumaku, nayo huvuma na kupata joto hata kabla hujaanza kuchomelea.

"Ikikata, weka disjonkta kubwa"

Ushauri huu unachoma nyumba. Disjonkta huwekwa kulinda waya uliomo ukutani, na waya huo haunenepi kwa sababu umebadilisha swichi. Anayehitaji ampea zaidi avute waya mnene zaidi, wa peke yake, kutoka kwenye mita hadi karakana, pamoja na waya wa ardhi, na aombe kampuni ya umeme imwongezee kiwango chake.

"Inveta haiwezi umeme wetu"

Imani hii ina nusu ya ukweli. Inveta nyingi huvumilia umeme kupungua kwa asilimia 15, yaani hadi volti 187 hivi kwa mashine ya volti 220, na jioni mtaa mzima unapopika huenda umeme ukashuka chini ya hapo. Inveta hujizima, na zile za bei rahisi huungua. Lakini transfoma pia huumia, ila kwa njia isiyoonekana: tao, yaani moto wa umeme kati ya bageti na chuma, hulegea, na mshono hubaki juu juu bila kuingia ndani ya chuma. Kabla ya kuilaumu mashine, pima volti kwenye prizi yenyewe wakati bageti inawaka, kwa kuwa mara nyingi mkosaji ni ralonji, yaani waya wa kurefushia. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 50 hula volti 23 ukipitisha ampea 20, na ukiwa umeachwa umeviringishwa huyeyuka ganda lake.

"Nimeona cheche dukani, basi ni nzima"

Cheche ya sekunde mbili haithibitishi kitu. Omba uchomee bageti tano nzima mfululizo, kwa ampea utakazotumia nyumbani, huku ukisikiliza feni na kunusa harufu ya vanishi iliyoungua. Kabla ya hapo, mashine ikiwa imechomolewa, fungua kifuniko: vumbi la chuma ndani ya inveta hushikilia unyevu na kuunganisha njia za umeme zisizopaswa kugusana. Fundi mwenye kifaa cha kupima kama umeme unavuja apime kati ya nyaya zinazoingia na bodi, yaani ganda la chuma la mashine, kwa sababu bodi yenye umeme huua. Asilimia iliyoandikwa karibu na X kwenye kibao, yaani sehemu ya muda ambayo mashine inaweza kuchomelea, huhesabiwa ndani ya dakika 10 katika joto la nyuzi 40. Asilimia 35 kwa ampea 160 ni dakika tatu na nusu za kuchomelea, nazo zinatosha kwa anayetengeneza madirisha, ambaye muda mwingi anapima na kukata.

"Wakati wa delestaji, jenereta ndogo itanisaidia"

Wakati wa delestaji, yaani mgao wa umeme, inveta inayochomelea kwa ampea 80 hudai zaidi ya kVA 3 (kipimo cha ukubwa wa jenereta) kutoka kwenye jenereta, kwa hiyo jenereta ya kVA 2.5 hukoroma na kuyumbisha volti, na kuyumba huko ndiko kunakoua vifaa vya ndani vya inveta. Kwa bageti ya 2.5 ningetafuta kVA 5 au 6, na kazi za 3.2 ningeziacha zisubiri umeme urudi.