Je, wajua kwa nini kibali cha kujenga mlimani huanzia kwenye udongo?

Anayenunua kiwanja mlimani huwa na nyumba kichwani: vyumba vingapi, veranda itazame wapi. Anapopeleka michoro yake kwa mamlaka ya mipango, hukuta anaulizwa mambo mengine kabisa. Maji ya mvua yatapita wapi? Udongo utakaochimbwa utamwagwa wapi? Nani anaishi chini yako? Wengi huona huo ni usumbufu tu wa maofisa. Sivyo.

Udongo wa mteremko hauporomoki kwa sababu chembe zake zimebanana na kushikana kwa msuguano. Maji yakijaa katika nafasi zilizo kati ya chembe hizo, shinikizo lake huzisukuma zisibanane, na nguvu ya kushikana hupungua. Ndiyo maana maporomoko mengi hutokea mvua kubwa inaponyesha, wala si siku ile tingatinga lilipochimba. Kosa linaweza kukaa miaka bila kuonekana. Litakapojitokeza, nyumba zimeshauzwa, mjenzi yuko kwingine, na anayefukiwa huenda ni jirani wa chini ambaye hakupata faida yoyote.

Penye hatari kubwa ni pale pasipotiliwa shaka na mtu. Ili kupata uwanja tambarare, mjenzi hukata upande wa juu wa mteremko, kisha kifusi anakijaza upande wa chini. Kikishasawazishwa, hutaweza kutofautisha kwa macho ardhi ya asili na ile iliyojazwa. Kazi ikifanywa ipasavyo, kwanza nyasi na udongo laini wa juu huondolewa, kwa kuwa majani yaliyofukiwa huoza na kuacha tabaka dhaifu. Kisha ardhi ngumu hukatwa ngazi ili kifusi kipate pa kushika. Halafu kifusi humwagwa kwa tabaka nyembamba, takriban sentimita 20 hadi 30, na kila tabaka hushindiliwa kabla ya kuongezwa jingine. Mkaguzi akija baada ya yote kufunikwa, ataona nini? Kwa hiyo ukaguzi wa maana hufanyika hatua kwa hatua, na kazi husimama mpaka hatua iliyopo ipite.

Hong Kong ilijifunza hilo kwa gharama ya watu. Tarehe 18 Juni 1972, maporomoko mawili ya siku moja, Sau Mau Ping na Po Shan Road, yaliua watu 138. Mwaka 1976 mteremko mwingine uliporomoka hapo hapo Sau Mau Ping na kuua 18. Uchunguzi ulionyesha kwamba kifusi kilikuwa kimemwagwa tu, hakikushindiliwa ipasavyo. Mwaka uliofuata serikali iliunda ofisi maalumu ya wahandisi wa udongo ya kusimamia miteremko. Los Angeles nayo ilikuwa imeweka sheria ya kukata na kujaza vilima tangu mwaka 1952, baada ya mvua kubwa za msimu huo.

Lakini msimamizi mwenyewe anaweza kuwa chanzo cha balaa. Huko Portuguese Bend, kwenye pwani ya kusini mwa Los Angeles, nyumba zilijengwa juu ya poromoko la kale, na maji taka yake yakawa yanazama ardhini humo humo. Mwaka 1956, wakati serikali ya kaunti ikijenga barabara na kurundika udongo upande wa juu, mteremko ulianza kutembea. Nyumba zaidi ya 100 ziliharibika. Wenye nyumba walishtaki, na kaunti ikatakiwa kuwalipa. Ardhi ile haijatulia hadi leo.

Kwa maoni yangu, udhaifu mkubwa wa usimamizi wa vilima ni kutoa vibali kiwanja kimoja kimoja. Kila paa na kila ua uliosakafiwa huzuia maji kunywewa na udongo na kuyaelekeza kwa aliye chini. Nyumba moja haina neno. 40 ni habari nyingine, na mfereji uliopimwa kwa ajili ya 10 hautatosha. Mlima unapaswa kukadiriwa mzima, kuanzia kileleni hadi kwenye mkondo wa bonde, kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa.

Kama unanunua nyumba iliyokwisha kujengwa mlimani, usiridhike na cheti cha jengo peke yake. Omba kumbukumbu za ushindiliaji wa kifusi. Kisha zunguka nyuma, uutazame ukuta unaozuia udongo. Unatakiwa kuwa na vitundu vya kutolea maji yanayokusanyika nyuma yake. Ukikuta vimezibwa kwa lipu ili ukuta upendeze, au ukuta umeanza kufanya tumbo, ita mhandisi kabla hujalipa.