Uliza rekodi kabla ya kulaumu mtandao

Shule moja ya sekondari ilitupigia simu ikilalamika kwamba kwa siku tatu mfululizo barua pepe za wazazi zilikuwa haziifikii. Tovuti ya shule ilifunguka vizuri, tena kwa sura mpya, kwa kuwa wiki hiyohiyo ilikuwa imehamishiwa kwa mtoa huduma mwingine. Ofisi ya shule ilikuwa imekwisha kubadilisha ruta na kununua vifurushi vya kampuni nyingine ya simu, na karani alikuwa ameanza kuulizwa kama alifuta barua kwa bahati mbaya. Lililozidi kuwachanganya ni kwamba baadhi ya wazazi walisisitiza kuwa barua zao zilifika bila tatizo. Kabla ya mtu yeyote kupanda gari kwenda shuleni, tuliandika amri moja kwenye kompyuta ya ofisini kwetu, na chanzo kikaonekana.

Makala haya yanaeleza amri hiyo na nyingine chache zinazofanana nayo. Yamekusudiwa kwa walimu wa TEHAMA, makarani wa ofisi, wenye biashara ndogo na yeyote aliyekabidhiwa nywila ya tovuti ya taasisi yake bila kuelezwa tovuti hiyo imesimama juu ya nini.

Kompyuta hutafutana kwa anwani za namba, lakini binadamu hukumbuka majina. Hapo mwanzo, majina yote ya kompyuta zilizounganishwa yalitunzwa katika faili moja nchini Marekani, na kila aliyeyahitaji alilazimika kunakili faili hiyo. Mashine zilipoongezeka utaratibu huo ukaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa majina ya vikoa (kikoa ni jina kama mfano.co.tz), unaojulikana kwa kifupi kama DNS, ambao umegawa kazi hiyo kwa ngazi. Juu kabisa iko mizizi, yenye seva (yaani kompyuta za kuhudumia nyingine) zilizopewa majina 13, kuanzia herufi a hadi m. Mizizi haijui tovuti ya shule iko wapi, ila inajua nani anatunza .tz na nani anatunza .ke. Mtunzaji wa .tz naye anajua nani anatunza kila jina lililosajiliwa chini yake, na hivyo hivyo hadi kulifikia jina lenyewe. Kwa sababu hiyo jina la kikoa husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na tutaona baadaye kwamba matapeli wanategemea sana watu wasiolijua hilo.

Amri ya kuuliza mfumo huu inaitwa dig. Katika Ubuntu na mifumo inayofanana nayo huwekwa kwa kuandika sudo apt install dnsutils, na mwenye simu ya Android anaweza kuipata ndani ya programu ya Termux kwa kuandika pkg install dnsutils. Kompyuta za Windows huja na nslookup, ambayo inatosha kwa maswali mengi yaliyomo humu, ingawa majibu yake ni mafupi zaidi. Tuchukue mfano.co.tz kama jina la kielelezo tu. Ukiandika dig mfano.co.tz, miongoni mwa mistari itakayojitokeza utaona mmoja wa namna hii:

mfano.co.tz. 3600 IN A 192.0.2.25

Mstari huu unastahili kusomwa polepole. Nukta iliyo mwishoni mwa jina si kosa la uchapaji, bali inawakilisha mizizi tuliyoitaja. Namba 3600 ni muda kwa sekunde, yaani saa moja, ambao seva nyingine zinaruhusiwa kulitunza jibu hili kabla ya kuuliza tena. IN ni alama ya intaneti, na utaikuta karibu kila mahali. Herufi A inaeleza aina ya rekodi, ambayo hapa ni anwani ya namba ya toleo la nne. Anwani ndefu za toleo la sita huandikwa AAAA. Mwisho kabisa ni anwani yenyewe.

Juu ya mstari huo kuna neno status ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama, ilhali mara nyingi ndilo lenye jibu. NXDOMAIN maana yake jina hilo halipo kabisa, pengine kwa sababu limeandikwa vibaya au halikuwahi kusajiliwa. SERVFAIL maana yake seva uliyoiuliza imejaribu kutafuta ikashindwa kupata jibu la kuaminika. NOERROR maana yake swali limejibiwa bila hitilafu, lakini hapa pana mtego, kwa kuwa NOERROR inaweza kuja na idadi ya majibu 0. Hali hiyo inaeleza kwamba jina lipo, ila rekodi ya aina uliyoiuliza haipo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa ile shule. Rekodi inayoelekeza barua pepe huitwa MX, na huulizwa kwa kuandika aina yake baada ya jina, yaani dig mfano.co.tz mx. Tulipouliza jina la shule, tulipata NOERROR na majibu 0. Kisha tukauliza ns, rekodi inayotaja seva zinazotunza kikoa, na majina yaliyorudi yalikuwa ya mtoa huduma mpya. Picha ikakamilika: aliyehamisha tovuti hakubadilisha anwani ya tovuti peke yake, bali alihamisha utunzaji wa kikoa kizima kwenda kwa seva mpya, na katika seva hizo akaandika rekodi ya tovuti akasahau rekodi ya barua. Kanuni za barua pepe zinasema kwamba rekodi ya MX ikikosekana, barua ipelekwe kwenye anwani ya A ya jina hilo. Barua za wazazi zikawa zinapelekwa kwenye seva ya tovuti, ambayo haikuandaliwa kupokea barua, nayo ikazikataa.

Kuhusu wazazi ambao barua zao zilifika, maelezo yamo katika ile namba ya sekunde. Seva zilizokuwa zimeuliza kabla ya uhamisho ziliendelea kutumia jibu la zamani hadi muda wake ulipokwisha, na rekodi nyingi huwekewa sekunde 86400, yaani siku nzima, au zaidi. Ndiyo sababu tunawasihi wenye tovuti wapunguze muda huo hadi sekunde 300 hivi siku moja au mbili kabla ya kuhama, ili kosa likitokea lirekebishike kwa dakika badala ya siku. Ni hatua ndogo isiyogharimu chochote, na inasikitisha kuona ni wahamishaji wangapi wanaoiruka.

Ili kujua kama tatizo liko kwenye kikoa au kwenye seva inayokuulizia, uliza swali lilelile kwa seva tofauti. Ukiandika dig @8.8.8.8 mfano.co.tz unaiuliza seva ya umma ya Google, na @1.1.1.1 ni ya Cloudflare. Seva hizo zikijibu vizuri na ya mtoa huduma wako isijibu, tatizo liko kwa mtoa huduma wako au bado ana jibu la zamani. Amri ya dig +trace mfano.co.tz inakwenda mbali zaidi: inaanzia kwenye mizizi, inashuka hadi .tz, na kuonyesha kila ngazi inaelekeza kwa nani, kwa hiyo utaona mnyororo umekatikia wapi.

Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, huku Afrika Mashariki ikiwa ni kati ya saa kumi na mbili na saa moja, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kote kwa takriban saa sita. Watu walizima simu na kuziwasha tena, wengine wakaongeza salio. Aliyeandika dig facebook.com wakati huo alipata SERVFAIL, hata alipouliza seva za umma za kampuni tofauti. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mtandao wake wa ndani, na seva zake za majina zikaacha kutangaza njia za kuzifikia. Jina lilikuwepo na usajili ulikuwepo, ila aliyepaswa kujibu hakuweza kufikiwa. Hakuna kifurushi ambacho kingeliondoa tatizo hilo.

Amri ya pili ni whois, ambayo haiulizi kikoa kinaelekeza wapi, bali inauliza kimesajiliwaje. Ukiandika whois example.com utaona tarehe ya kusajiliwa kwake, 14 Agosti 1995, tarehe ya kuisha, msajili, na seva zinazokitunza. Kwa majina kama .com, chombo cha kimataifa cha ICANN kiliondoa ulazima wa huduma ya whois kuanzia tarehe 28 Januari 2025 na nafasi yake kuchukuliwa na RDAP, ambayo huulizwa kwa mfano hivi: curl -L https://rdap.org/domain/example.com. Kwa hiyo usishangae ukiona whois ya jina fulani imenyamaza. Vikoa vya .tz viko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na vya .ke vinaendeshwa na KeNIC.

Hapa ndipo rekodi zinapomkinga mtu dhidi ya utapeli. Tuseme umepokea tangazo la ajira linalokutaka ulipe ada ya fomu kupitia anwani inayoishia na ajira.go.tz.maombi-sasa.com. Jicho lililozoea kusoma kutoka kushoto linakutana na go.tz na kutulia. Soma kutoka kulia: ngazi ya juu ni .com, jina lililosajiliwa ni maombi-sasa, na yote yanayotangulia ameyaandika mwenye jina hilo kwa namna aliyotaka, bila kuomba ruhusa ya taasisi yoyote. Kisha uliza usajili wake. Taasisi inayodai kufanya kazi kwa miaka 20 huku kikoa chake kimesajiliwa siku 9 zilizopita ina swali la kujibu kabla hujatuma hata shilingi moja.

Hata hivyo, ni lazima mipaka ya ushahidi huu ieleweke. Tarehe ya zamani haithibitishi uaminifu, kwa sababu vikoa huuzwa, huibwa, na huachwa vikaokotwa na wengine. Jina la mmiliki nalo mara nyingi limefichwa, hasa tangu sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi ilipoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na kufichwa huko peke yake si dalili ya hila. Mimi huichukulia tarehe mpya kuwa sababu ya kusimama na kupiga simu kwa taasisi husika kwa namba niliyoipata kwingine. Tarehe ya zamani siichukulii kuwa ruhusa ya kulipa.

Anwani za namba nazo zina daftari lake. Kwa Afrika linatunzwa na AFRINIC, yenye makao yake Ebène nchini Mauritius, ambayo ilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Ukikuta kwenye kumbukumbu za seva yako anwani isiyofahamika inayojaribu nywila usiku kucha, andika whois na anwani hiyo, nawe utaona kampuni iliyokabidhiwa fungu la anwani lenye anwani hiyo na, mara nyingi, anwani ya barua pepe ya kupokea malalamiko. Jibu litakupeleka kwa kampuni, si kwa mtu aliyeketi kwenye kibodi, na ni vizuri anayeandika lalamiko alikumbuke hilo asije akamtuhumu asiyehusika.

Traceroute, au tracert kwa watumiaji wa Windows, huonyesha ruta ambazo data hupita hadi kufika inakokwenda, pamoja na muda uliotumika. Ukiwa Dar es Salaam ukaulizia seva iliyopo jijini humohumo, muda unapaswa kuwa wa milisekunde chache, kwa kuwa kipo kituo cha kubadilishana data cha TIX kilichowekwa kwa ajili hiyo. Ukiona muda umezidi milisekunde 100, kuna uwezekano mkubwa kwamba data inakwenda hadi nje ya bara kisha inarudi, na hilo ni la kumuuliza mtoa huduma wako kwa maandishi. Nyota tatu (* * *) zikitokea katika mstari mmoja badala ya muda, si lazima zimaanishe kwamba njia imekatika, kwa sababu ruta nyingi zimewekwa zisijibu maswali ya aina hii ingawa zinapitisha data kama kawaida. Tazama kama mistari inayofuata ina majibu.

Shule ile ilirejeshewa rekodi yake ya MX mchana uleule, pamoja na rekodi ya TXT inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la shule, ambayo nayo ilikuwa imeachwa. Tulimwomba mwalimu wa TEHAMA aandike amri nne, dig kwa ns, a, mx na txt, akihifadhi majibu kwa kuongeza >> rekodi.txt mwishoni mwa kila mstari, kisha achapishe ukurasa huo na kuandika tarehe kwa kalamu. Umo kwenye faili la ofisi, nyuma ya mkataba wa tovuti, na mtu atakayekuja kuhamisha tovuti tena ataonyeshwa ukurasa huo kwanza.