Piriton na maziwa havizuii aleji kali

Mtu kadungwa na nyuki au kala karanga au kamba wa baharini, mara vipele, midomo inavimba, na hapo hapo utasikia "mpe maziwa, mpe Piriton atatulia". Imani hii ipo miaka mingi na inaeleweka, maana vipele vya kawaida Piriton inavituliza kweli. Shida ni pale sauti inapokwaruza, kifua kinabana, anatapika, anaona kizunguzungu. Hapo koo linavimba na presha inashuka, na Piriton haifungui koo wala haipandishi presha, tena kidonge kinachukua nusu saa au zaidi kuanza kazi. Maziwa ndo kabisa hayafanyi kitu, yanaweza kumpalia tu (na wengine aleji yao ni ya maziwa yenyewe!).

Dawa yake ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja upande wa nje, mtu mzima miligramu 0.5, asipopata nafuu inarudiwa baada ya dakika 5. Kwa hiyo kama una aleji ulizia mapema, kituo gani karibu na kwako wanayo na usiku wapo?

Njiani kwenda hospitali mgonjwa alale chali miguu juu, akihema kwa shida mkalishe, ila asisimame wala kutembea, presha inaweza kuporomoka moyo ukasimama. Ndo maana kumbana katikati ya watu wawili kwenye bodaboda ni hatari, bora gari alale siti ya nyuma. Na akipata nafuu msikimbilie kuondoka hospitali, dalili zinaweza kurudi masaa kadhaa baadaye bila hata kula kitu kingine.