Nakala Katika Makumbusho Si Udanganyifu

Wiki hii nimeambiwa tena, na mgeni aliyerejea kutoka Japani, kwamba Makumbusho ya Jiji la Kobe yalimdanganya, kwa kuwa alilipa kiingilio ili aione picha ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmisionari Mkatoliki wa karne ya 16, naye akakuta nakala. Mimi ni mhifadhi wa karatasi, na malalamiko haya yamenichosha.

Picha hiyo ya karne ya 17 imechorwa kwa rangi juu ya karatasi, akiwemo Ksaveri ameushika moyo unaowaka. Iligunduliwa mwaka 1920 katika nyumba ya wazao wa Wakristo waliojificha, yaani Wajapani walioficha imani yao ilipopigwa marufuku, huko Ibaraki mkoani Osaka, ndani ya sanduku lililokuwa halifunguliwi. Sisi wa pwani tuna sababu yetu ya kuijali, kwani Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542, miaka 7 kabla ya kufika Kagoshima, Japani. Lakini angalieni ilikokaa: gizani. Giza ndilo lililoitunza, na mgeni wangu anataka itundikwe mwaka mzima!

Madhara ya mwanga hujumlika, wala hayarudi nyuma. Kwa karatasi na hariri tumezoea luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Kwa saa 8 kila siku, siku 30 huleta jumla ya luksi-saa 12,000. Chini ya taa za luksi 500, kama zile za ofisini, jumla hiyohiyo hufikiwa kwa siku 3. Hivi karibuni niliondoa fremu ya mchoro wa maua uliokaa ukutani miaka mingi: ukanda mwembamba kama upana wa ukucha, uliofunikwa na ukingo wa fremu, ulikuwa mwekundu uliokolea, na petali nyingine zote zimekuwa rangi ya chai ya jana. Hakuna dawa ya kuurudisha wekundu ule.

Hata hivyo, luksi 50 haziondoi madhara. Ni mapatano tu, yaani mwanga mdogo ambao jicho la kijana bado hubainisha rangi, ilhali mzee wa miaka 65 aliyesimama mbele ya kabati hilohilo huona kiza, na jibu ninalompa haliniridhishi mimi mwenyewe.

Huko Japani nakala huandikwa 複製, yaani fukusei, kwenye kibao cha maelezo. Pale ambapo maandishi hayo ni madogo mno, ninawaunga mkono wageni kikamilifu, kwani aliyelipa ana haki ya kujua anachokitazama.

Anayetaka kitu halisi bila kuchagua msimu aende Makumbusho ya Jiji la Fukuoka, ambako muhuri wa kale wa dhahabu uliopatikana kisiwani Shikanoshima mwaka 1784, wenye upande wa sentimita 2.3 na uzito wa gramu 108 hivi, kwa kawaida huonyeshwa wakati wote, kwa kuwa dhahabu haififishwi na taa. Anayemtaka Ksaveri asome kwanza ratiba ya maonyesho ya Kobe, ndipo anunue tiketi ya ndege.