Haringi, Hayuko Tayari: Maswali na Majibu Kuhusu Kupandisha Mbwa wa Nasaba

Mimi ni daktari wa wanyama, na maswali haya huulizwa kliniki kwangu mara kwa mara na wenye German Shepherd, Rottweiler, Boerboel na Japanese Spitz kutoka Kasarani, Utawala, Lang'ata na mitaa mingine ya Nairobi. Mengi huulizwa madhara yakiwa yameshatokea. Ningefurahi yaulizwe mapema.

Swali: Jike kuwa kwenye joto ni nini hasa?

Ni kipindi ambacho jike anaweza kupandwa na kushika mimba. Majike wengi hupata joto kila baada ya miezi sita au saba. Huanza kwa uke kuvimba na kutoa damu. Awamu hii ya kwanza huchukua wastani wa siku 9, na madume humfuata kila aendako, ila yeye hawakubali: anakaa kitako, anageuka, ananguruma. Kisha huja awamu ya pili, nayo ni wastani wa siku 9. Damu mara nyingi hupauka, uke unalegea, na ukimkuna juu ya mkia anausogeza pembeni na kusimama tuli. Hapo ndipo anapokubali dume.

Neno "wastani" lishike vizuri. Kuna jike anayemaliza awamu ya kwanza kwa siku chache tu, na kuna anayekaa nayo zaidi ya wiki mbili. Wote wawili ni wazima.

Swali: Daktari, leo ni siku ya 11 tangu nione damu, ada ya dume nimeshatuma kwa M-Pesa, lakini jike anakataa. Si anaringa tu?

Haringi. Hayuko tayari.

Hesabu ya "siku ya 11" imeenea mitaani kana kwamba ni sheria. Wako anaweza kuwa tayari siku ya 7 au siku ya 18, na hata joto la mwaka jana halikuhakikishii la mwaka huu. Isitoshe, wengi huanza kuhesabu siku walipoiona damu kwenye kigae, ilhali jike amekuwa akijilamba na kuisafisha siku tatu nzima kabla ya mtu kugundua.

Yai la mbwa hutoka kwenye ovari likiwa bado changa, na huhitaji kama siku mbili kukomaa. Mbegu za dume nazo huweza kuishi ndani ya jike siku tano au zaidi. Kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbizana na saa. Ukitaka uhakika, mlete tumpime damu kuangalia homoni ya projesteroni. Yai hutoka kiwango kinapofika takriban nanogramu 5 kwa mililita, na siku nzuri za kupandisha huanza kama siku mbili baadaye. Tunaweza pia kuchukua seli za ukeni kwa pamba na kuziangalia kwa darubini. Kipimo kimoja hakitoshi. Utarudi baada ya siku mbili au tatu. Najua ni gharama, lakini ukijumlisha ada ya dume, mafuta ya gari na foleni ya Thika Road kwa safari ya bure, utaona ilivyo nafuu.

Swali: Lakini fundi wa kupandisha mbwa mtaani alimfunga jike mdomo, watu wawili wakamshika, na mimba ikaingia. Kwani kuna ubaya gani?

Ubaya upo, nami ndiye ninayeushona.

Majike hawa hufika kwangu wakiwa na mstari mwekundu puani, ngozi imechubuka pale kamba ya kiatu ilipokazwa. Kucha za mbele zimevunjika kwa kukwaruza simiti. Uke umechanika na unatoa damu mbichi. Mwenye mbwa ananiambia, "Alikuwa mkali kidogo." Hapana, hakuwa mkali. Alikuwa anasema hapana kwa njia zote alizopewa na Mungu, na kila njia ikafungwa.

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaijui. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo ukiwa wazi. Ukimfunga mdomo kwa kamba, juani, huku anapambana na watu wawili, joto la mwili hupanda haraka. Kwa mbwa wenye pua fupi kama French Bulldog, hilo peke yake linaweza kuua.

Na mara nyingi mimba haiingii hata hivyo, maana jike alikuwa anakataa kwa kuwa siku zake hazijafika. Umemuumiza, umelipa, na hupati kitu. Joto lijalo akiona dume yeyote anauma, kisha unaambiwa umnunulie kamba nene zaidi.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inamhusu pia mbwa wako mwenyewe, ndani ya ploti yako mwenyewe. Na wewe uliyemshika akakung'ata: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri uone kama mbwa ataugua.

Swali: Sasa nisimguse kabisa?

Mguse. Simama karibu na kichwa chake, shika ukosi wake kwa wepesi, ongea naye kama unavyoongea naye kila siku. Huko ni kumtuliza, mradi ana nafasi ya kusogea. Akikaa kitako, mwache akae. Akinguruma mara ya pili, mtoe, mrudishe baada ya siku moja au mbili.

Pombe usimpe. Dawa ya usingizi usimpe. Kidonge alichokupa rafiki yako cha kumlegeza usimpe. Jike aliyelewa bado hayuko tayari, ila sasa hawezi kukuambia.

Swali: Basi niwakutanishe vipi?

Taratibu, na watu wachache. Kwa kawaida jike ndiye hupelekwa kwa dume, kwa sababu madume wengi hujiamini zaidi nyumbani kwao. Nenda asubuhi mapema au jioni kukiwa na ubaridi. Wasiwe wametoka kula, na wote wawili wapelekwe kukojoa kwanza.

Usiwatupe chumbani na kufunga mlango. Watembeze kwanza kwa kamba, upande kwa upande, kisha wape uwanja wenye ua wakimbizane. Kuchezacheza, kunusana masikio, jike kuinama mbele na kuruka pembeni, yote hayo ndiyo mazungumzo yao. Dume mzoefu huuliza kwanza. Dume mgeni wa kazi hii hupanda kichwani, hupanda ubavuni, huchoka, huenda kunywa maji. Mwache ajifunze, ukimcheka kwa kelele au kumfokea anaweza kupoteza hamu kabisa.

Sakafu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye vigae miguu ya nyuma huteleza, dume huogopa, jike huumia mgongo. Tandika mkeka wa mpira au zulia kuukuu, au watumie nyasi. Ikiwa dume ni mfupi, jike asimame palipoinama kidogo. Watoto, majirani na yule jamaa mwenye simu ya kurekodi wakae nyumba ya pili.

Wakikubaliana, rudia baada ya saa 48. Mara mbili au tatu kwa joto moja zinatosha kabisa.

Swali: Na asipomkubali kabisa, hata siku zikiwa sahihi?

Mlete nimkague. Huenda uke una sehemu nyembamba na unamuuma, au ana jeraha, au anamwogopa tu dume huyo. Sababu za nadra niachie mimi. Wengine huomba wapandikiziwe mbegu, na inawezekana kwa daktari, lakini siku zikikosewa nako hutapata kitu. Na kuna majike ambao jibu lao ni hapana kila mwaka. Huyo mwache awe mlinzi, awe rafiki wa watoto. Si kila mbwa mwenye cheti lazima azae.

Swali: Wamenasana! Niwamwagie maji?

Usiwamwagie maji. Usiwapige kwa fimbo. Usiwavute. Usimruhusu bawabu awavute.

Kunasana ni sehemu ya kawaida ya mbwa kupandana. Sehemu ya nyuma ya uume huvimba ndani ya uke, misuli ya jike hukaza, na dume hushuka na kugeuka mpaka wanabaki matako kwa matako. Hali hii huchukua dakika 5 hadi 30, wakati mwingine hata zaidi. Kazi yako ni kukaa nao tu, ukizuia jike asilale chini au kumburuta dume akikurupuka. Watajiachia wenyewe.

Ukiwatenganisha kwa nguvu, uke huchanika na uume huumia, na ndani ya uume wa mbwa kuna mfupa. Nimeona dume wa thamani ambaye hakupanda tena baada ya ndoo moja ya maji baridi na vuta nikuvute ya dakika mbili.

"Lakini ni mbwa koko aliyeruka ukuta, nataka kuzuia mimba." Umechelewa. Mbegu nyingi hutoka mwanzoni kabisa, mara tu wanaponasana au kabla. Kuwavuta hakuzuii mimba, kunaongeza jeraha tu. Waache wamalize, kisha mlete jike tuongee. Usiende agroveti kuomba sindano ya kutoa mimba: zile za estrojeni zinaweza kuharibu uboho wa mifupa, na zinaweza kuleta usaha kwenye kizazi.

Wakishaachana, angalia uume wa dume. Kama umebaki nje, umevimba na haurudi baada ya nusu saa, uloweshe kwa maji safi baridi, mzuie asijilambe, na uje sasa hivi. Ikifika kesho, tutakuwa tunazungumzia kukata.

Na jike umfungie hadi joto liishe. Baada ya dume wa nasaba bado anaweza kumkubali mwingine, na mimba moja inaweza kuwa na baba wawili. Hapo ndipo Spitz mweupe huzaa watoto watatu weupe na wawili wenye rangi ya mbwa wa geti la tatu.

Swali: Vipimo gani vifanywe kwanza?

Chanjo ziwe kamili, ya kichaa cha mbwa ikiwemo. Tukague sehemu za siri za wote wawili, kwa sababu ya uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana. Huonekana kama koliflawa ndogo inayotoa damu, na wengi hudhani ni joto lisiloisha. Hutibika vizuri kwa dawa ya vincristine, ukija mapema. Omba pia kipimo cha damu cha bakteria Brucella canis, ambayo huua watoto tumboni na inaweza kumwambukiza hata binadamu. Kwa German Shepherd na Rottweiler, nyonga zipigwe eksirei kabla ya kuzalisha. Cheti cha East Africa Kennel Club kinaeleza ukoo wa mbwa. Hakielezi hali ya nyonga zake.

Umri? Asipandwe kwenye joto la kwanza. Subiri akomae, karibu miaka miwili kwa mbwa wakubwa, na umpe nafasi ya kupumzika kati ya uzao na uzao. Huko Uingereza, klabu kuu inayosajili mbwa wa nasaba kwa kawaida haisajili zaidi ya uzao nne kwa jike mmoja. Hapa kwetu nawaona waliozaa kila joto, mgongo umebonyea, matiti yanagusa ardhi.

Swali: Alipandwa mwezi uliopita. Sasa hali chakula, anakunywa maji mengi, na amelegea. Ni mimba?

Inaweza kuwa usaha kwenye kizazi. Tatizo hili huja wiki chache baada ya joto, apandwe asipandwe. Wakati mwingine usaha hutoka ukeni, wakati mwingine kizazi kimefunga na hutaona kitu. Usimpe antibiotiki za dukani ukisubiri wikendi iishe. Mlete leo.

Mimba yenyewe tutaiona kwa ultrasaundi kuanzia kama siku ya 28, na kuzaa ni takriban siku 63 tangu yai litoke. Akianza kuzaa na akasukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, njoo. Sindano ya kuongeza uchungu usimchome mwenyewe. Mtoto akiwa amekwama, kizazi kinaweza kupasuka.

Swali: Nikimleta kabla ya kupandishwa, nibebe nini?

Kadi ya chanjo, tarehe uliyoiona damu mara ya kwanza, na tarehe ya joto lililopita kama uliiandika. Nenda kwa daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Upper Kabete pia hupokea mbwa. Njoo na mtu mmoja ambaye mbwa anamzoea. Fundi wa kamba mwache nyumbani.