Mbadala Uwe Mbali na Hatari

Jumapili ya Mei 12, 2024, intaneti iliyumba karibu Afrika Mashariki nzima. Mikongo miwili ya baharini inayobeba intaneti, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Siku hiyo, kulipia kampuni mbili za intaneti hakukusaidia kitu pale ambapo zote mbili zilitegemea mikongo hiyohiyo.

Hapo ndipo mipango mingi ya kukabiliana na dharura inapovuja. Mbadala upo, umelipiwa na umeandikwa kwenye jalada, lakini unakabiliwa na hatari ileile.

Japani ililijua hilo kwa gharama kubwa. Machi 11, 2011, tetemeko lilikata umeme wa gridi katika kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, na jenereta za dharura zikawaka kama zilivyopangwa. Baada ya chini ya saa moja tsunami ikafika. Jenereta nyingi zilikuwa kwenye ghorofa za chini ya ardhi. Maji yakaingia, zikazimika. Jenereta moja ya mtambo namba 6, iliyokuwa kwenye jengo la peke yake mahali palipoinuka zaidi, haikuzimika. Hiyo ndiyo iliyotoa umeme wa kupoza mitambo namba 5 na 6, ambayo haikuyeyuka kwa joto.

Sasa tazama ofisini kwako. Jenereta iko wapi, si kando ya mtaro unaofurika kila masika? Diski ya nakala rudufu mara nyingi hulala kwenye droo ya mhasibu, hatua chache kutoka kwenye seva. Ukizuka moto wa usiku, kama ule wa Soko Kuu la Kariakoo Julai 10, 2021, vyote viwili vinateketea kwa pamoja.

Tunawasihi viongozi wa taasisi wafanye jaribio moja kabla ya mvua zijazo. Chagueni Jumamosi, zimeni seva, kisha rejesheni orodha ya mishahara ya mwezi uliopita kutoka kwenye nakala iliyohifadhiwa nje ya jengo. Andikeni saa mlizotumia. Kama ni saa thelathini na wateja wenu hawawezi kusubiri zaidi ya nne, suala hilo ni la bodi, msimwachie fundi wa kompyuta.

Na watu pia ni sehemu ya mpango. Watia saini wawili wa hundi wasisafiri gari moja kwenda Dodoma.